Bila Mlinzi wa Njia, Mbio za Pikipiki Hazianzi

Waulize vijana wetu wa mtaani kuhusu mbio za pikipiki. Watakutajia majina ya waendeshaji, ukubwa wa injini na kasi ya kila chombo mpaka uchoke wewe. Kisha waulize ni nani aliyesimama konani na bendera mkononi tangu asubuhi. Hapo watatazamana, kwa sababu hakuna amjuaye. Naye ndiye mtu ambaye asipofika, mbio hazianzi.

Mtu huyo huitwa mashali, na kwa lugha yetu tuseme mlinzi wa njia. Aghalabu halipwi. Huja kwa hiari yake, husimama juani au mvuani kutwa nzima, na mwisho wa siku kikombe huchukuliwa na mwingine. Nataka tumtazame yeye leo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kilio cha vijana wa Mombasa wanaopenda pikipiki, ambao kila mara huuliza kwa nini hatuna mashindano yetu ya halali. Swali lao ni la haki, lakini uwanja ni nusu ya jibu tu. Nusu ya pili ni watu wa kuusimamia. Sababu ya pili ni kwamba elimu ya mlinzi wa njia ni elimu tunayoihitaji hapa kisiwani kila siku, hata kama hatutaona mbio maisha yetu yote.

Kisiwa kingine, njia ya kilomita 60

Mbio za pikipiki za barabarani zinazojulikana zaidi duniani hufanyika kisiwani, kama hapa kwetu. Kisiwa cha Man, kilichoko baharini kati ya Uingereza na Ireland, kimekuwa na mashindano yaitwayo TT tangu mwaka 1907. Uwanja hakuna. Barabara zile zile za kwendea sokoni na shuleni hufungwa kwa saa kadhaa, mbio zikakimbiwa, kisha hufunguliwa watu waendelee na shughuli zao. Njia ya mlimani, iliyoanza kutumika mwaka 1911, ina urefu wa kilomita 60 na kidogo. Ni kama kutoka Mombasa mjini hadi Kilifi. Mwaka 2023 Peter Hickman aliizunguka kwa wastani wa zaidi ya kilomita 219 kwa saa, akipita baina ya kuta za mawe, nguzo na milango ya nyumba za watu.

Sasa jiulize: nani atailinda njia ya urefu huo? Kamera haziwezi kuona kila kichochoro, na polisi wa kisiwa kizima hawatoshi. Jibu ni watu wa kujitolea. Ili njia ifunguliwe kwa mbio, wahitajika walinzi zaidi ya 500, kila mmoja kituoni pake. Wakipungua, msimamizi mkuu haruhusu pikipiki hata moja itoke. Imewahi kutokea mazoezi yakacheleweshwa kwa upungufu wa walinzi, waendeshaji mashuhuri wakakaa na helmeti zao mapajani wakingoja fundi, mwalimu na mzee mstaafu wapatikane wakasimame konani.

Na pamoja na ulinzi wote huo, njia ile imeua. Tangu mwaka 1911 waendeshaji zaidi ya 260 wamepoteza maisha juu yake, ukijumlisha mashindano yote yanayofanyika pale. Mwaka 2005 mlinzi wa njia, mwanamke, alifariki katika ajali huko Kirk Michael pamoja na mwendeshaji. Mwaka 2007 watazamaji wawili walikufa na walinzi wawili wakajeruhiwa katika ajali moja iliyomuua pia mwendeshaji. Nayataja haya ili ijulikane tangu mwanzo kwamba mlinzi wa njia si mtazamaji aliyepewa kizibao cha bure. Amebeba amana, na amana hiyo ina hatari yake.

Kuona, kusema, kuzuia, kuokoa

Kazi ya mlinzi ina sehemu nne. Ya kwanza ni kuona. Kila kundi hupewa kipande chake cha njia, na mlinzi hukijua kipande hicho kama ajuavyo uwa wa nyumba yake: wapi pana mchanga, wapi pana kivuli kinachoficha shimo, wapi mbwa au mtoto anaweza kutokea. Wakati wa mbio hapigi picha, hachezi na simu, wala haipi njia mgongo. Macho yake ndiyo macho ya msimamizi mkuu, ambaye amekaa chumbani kilomita nyingi mbali na hapo na hawezi kuamua jambo asiloletewa habari zake.

Ya pili ni kusema, na hapa ulimi haufai kitu kwa kelele za injini. Lugha ni bendera. Ya njano ikipepea, maana yake mbele pana hatari, mwendeshaji apunguze mwendo na asimpite mwenziwe. Ya njano yenye mistari myekundu huonya kuwa njia inateleza, labda kwa mafuta yaliyomwagika. Ya buluu humwambia mwendeshaji kuwa nyuma yake yuko mwenye kasi zaidi anayetaka kupita. Ya kijani ni salama, njia i wazi. Nyeusi yenye duara la rangi ya machungwa, pamoja na namba ya mtu, humwambia kuwa chombo chake kina hitilafu na atoke njiani. Nyekundu husimamisha mbio zote, na ndiyo maana mlinzi haiinui kwa uamuzi wake. Hungoja amri ya msimamizi mkuu, maana pikipiki zikikatizwa ghafula mahali pamoja na kwingine zikaachwa zikimbie, hapo ndipo msiba huzaliwa.

Ya tatu ni kuzuia watu. Mtazamaji hutaka kuona karibu. Akiona vizuri hapa, atasogea hatua moja, na wa nyuma yake naye atasogea. Mlinzi anatakiwa ajue jambo ambalo mtazamaji halijui: pikipiki iliyoshindwa kona haigeuki, hunyooka na kutoka nje ya kona kama jiwe lililorushwa. Kwa hivyo upande wa nje wa kona, penye mandhari nzuri zaidi ya picha, ndipo pabaya zaidi pa kusimama. Kumwondoa mtu hapo kwataka ustahimilivu. Ukimfokea atakubishia, na ukimwomba kwa adabu ukamweleza sababu, wengi husogea.

Ya nne ni kuokoa: kuzima moto, kufagia vipande vilivyotapakaa, kuondoa chombo njiani, na kumhudumia majeruhi mpaka daktari afike. Sehemu hii ndiyo inayofundishwa sana, na ndiyo yenye somo kubwa kwetu.

Mkono wa huruma usiotazama njia

Tarehe 5 Machi 1977, huko Kyalami, Afrika Kusini, palikuwa na mbio za magari za Formula 1. Gari moja lilisimama kando ya njia na kuanza kuwaka moto kidogo. Walinzi wawili waliokuwa upande wa pili waliona moshi, wakakimbia kuvuka njia kwenda kuuzima, bila ya ruhusa ya mtu. Mmoja alikuwa kijana wa miaka 19 aliyebeba mtungi wa kuzimia moto. Mahali pale palikuwa baada ya kilima kidogo, na madereva waliokuwa wakija hawakuweza kumwona. Gari la Tom Pryce lilimgonga, kijana akafa papo hapo, na ule mtungi ukampiga Pryce kichwani naye akafa. Dereva wa gari lililowaka alikwisha kutoka, akiwa mzima.

Kijana yule hakuwa mzembe. Alikuwa na moyo mwema na miguu myepesi, na aliona mwenziwe kwenye moto. Lakini huruma yake ilitangulia akili yake kwa sekunde chache, na watu wawili wakazikwa kwa moto ambao haukumuunguza mtu. Kwa hivyo somo ambalo mlinzi wa njia hurejewa nalo tena na tena ni hili: ukiona ajali, usikimbie. Tazama kwanza, inua bendera, toa habari kwa redio, hakikisha wanaokuja wameonywa, ndipo uende. Mwenye bendera haendi kabisa, hata aliyeanguka akiwa ndugu yake wa damu. Akiiacha bendera, mwendeshaji wa pili atakuja kumwangukia wa kwanza pamoja na wote waliomzunguka.

Haya twayajua kwetu

Wakenya tunayo mafunzo yetu ya karibu. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilikimbiwa kwa miaka mingi kwenye barabara zilizokuwa wazi, zenye matatu, ng'ombe na watoto wa shule, na magari ya mbio yakitanguliwa na helikopta za kutazama njia. Iliporudi katika mashindano ya dunia mwezi Juni 2021, baada ya kutokuwepo tangu 2002, ilirudi kwa sura nyingine. Njia za Naivasha zilifungwa, na penye njia iliyofungwa lazima pawe na watu wa kuilinda. Mwaka 2024 na 2025 mashindano hayo yaliangukia mwezi wa Ramadhani. Msomaji aliyefunga atajua ni ibada ya namna gani kusimama kwenye vumbi la Naivasha kutwa, ukiwaomba watu warudi nyuma ya utepe, na kinywa kikavu.

Dunia ilijifunza mapema kinachotokea watu wasiporudi nyuma. Mwaka 1986, katika mbio za magari za Ureno, watu walijazana mpaka katikati ya barabara, wengine wakishindana kuligusa gari linapopita. Gari moja lilitoka njiani likaingia katikati yao. Watazamaji watatu walikufa na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Walinzi walikuwepo, lakini wachache mbele ya umma ule ni sawa na kuziba bahari kwa kiganja.

Rudi sasa hapa kisiwani. Ajali ya bodaboda itokee Makupa, Buxton au Saba Saba, utaona nini? Kabla vumbi halijatua, watu 50 wamemzunguka majeruhi. Mmoja amvua helmeti kwa nguvu, wawili wamshika mabega na miguu, mwingine amwagia maji, wa tano arekodi kwa simu. Kisha hukunjwa kama gunia ndani ya tuktuk akimbizwe hospitali. Wote hao wana nia njema. Sisi watu wa Pwani hatumpiti mtu aliyeanguka, na hiyo ni sifa yetu. Lakini mtu mwenye ufa wa shingo akinyanyuliwa hivyo aweza kupooza, na hali kabla ya kuguswa alikuwa akichezesha vidole vyake. Na nyuma ya kundi lile, njia haina mwenye kuilinda. Lori laja kutoka bandarini, na dereva haoni kitu.

Hapo ndipo elimu ya mlinzi wa njia yatufaa. Wa kwanza kufika asiende kwa majeruhi, aende nyuma kiasi, avue shati alipunge, asimamishe magari. Wa pili apige simu. Namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na ya polisi ni 999. Wa tatu amwendee majeruhi, azungumze naye, atazame kama anapumua, abane kwa kitambaa palipo na damu nyingi. Helmeti isivuliwe ila kama pumzi imezibwa na hapana njia nyingine. Asisogezwe ila kama pana moto au hatari nyingine kubwa zaidi ya kumwacha alipo. Waliobaki wasimame mbali na wawape nafasi. Katika miaka ya hivi karibuni, barabara za Kenya zimekuwa zikiua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka kwa hesabu za NTSA, na waendeshaji wa pikipiki na abiria wao ni wengi miongoni mwao. Baadhi yao wangepona kwa umati uliojua kusimama.

Vijana na mbio za usiku

Nimesikia vijana wakisema kuwa Mji wa Kale wenyewe ungefaa kwa mbio, kwa kona zake. Basi na tufanye hesabu ya mlinzi wa njia. Simama mbele ya Ngome ya Yesu, uingie Ndia Kuu, utembee aste aste. Hesabu milango inayofunguka moja kwa moja barabarani. Kila mlango ni mahali ambapo mtoto aweza kutoka akifuata mpira. Hesabu vichochoro vinavyoingia njiani bila kuonekana, na kila kichochoro chataka mtu wa kukiziba. Hesabu baraza za wazee, misikiti na nyakati zake za sala, mikokoteni na paka. Kwa mita 100 tu utahitaji watu wangapi? Ukimaliza utafahamu kwa nini kile kisiwa kingine huita watu 500 na bado hakisalimiki. Utafahamu pia kuwa mtu anayefungua mafuta usiku Kizingo au kwenye daraja la Nyali kushindana na mwenziwe hana kona hata moja yenye bendera. Hana wa kumwambia kuwa mbele pana mafuta yamemwagika, au kuwa mama wa watu anavuka. Hilo ni kinyume cha sheria, na kabla ya sheria ni dhulma kwa mtu asiyejua kuwa amesimama kwenye uwanja wa mbio.

Mbio za halali zina mahali pake. Nairobi pana uwanja wa motokrosi wa Jamhuri, na Uganda wana Busiika na Garuga. Hapa kwetu, hoja ya kudai uwanja itakuwa na uzito siku tutakapokwenda kwa wakubwa na orodha ya walinzi waliofunzwa, badala ya orodha ya waendeshaji peke yake.

Nani aanze, na aanzie wapi

Katika dini yetu twafundishwa kuwa yako mambo ya fardhi kifaya. Wakiyatekeleza baadhi ya watu, wengine wamesalimika, na yakiachwa na wote, lawama ni ya wote. Twayajua zaidi katika kumwosha na kumzika maiti. Wanazuoni ndio wa kuliwekea jambo hili hukumu yake, lakini mfano wake naona wafaa: kumhifadhi aliye hai asije akawa maiti ni jambo ambalo mtaa mzima hauwezi kumwachia Mungu na polisi. Na sote twajua kuwa kuondoa udhia njiani kumehesabiwa katika imani. Mlinzi wa njia afanya kazi hiyo hiyo, tena mbele ya chombo kinachokuja mbio.

Kwa anayetaka kuanza, njia i wazi. Michezo ya magari na pikipiki nchini husimamiwa na shirikisho la KMSF, na Mombasa yenyewe ina Mombasa Motor Club. Klabu za namna hii huhitaji mikono kila mara. Kabla ya hapo, jifunze huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu na St John hufundisha, na cheti chake kitakufaa hata nyumbani. Ukiitwa kusimamia mashindano yoyote, uliza maswali manne bila haya: nani kiongozi wangu, nitawasiliana naye vipi, ambulensi iko wapi, na nikiumia nina bima gani? Mwandaaji asiye na majibu hastahili kupewa siku yako. Kujitolea ni kutoa wakati wako, na roho yako haimo katika mkataba huo.

Nenda na viatu vilivyofunika mguu, kofia, maji na filimbi. Ukifika kituoni, kabla ya kitu kingine tafuta mahali utakapokimbilia chombo kikija upande wako. Usikae chini. Usisimame mbele ya utepe unaowakataza wengine kuuvuka.

Wala hapana haja ya kungoja pikipiki. Zefe za Maulidi hupita katikati ya magari na watoto wa madrasa. Siku za Idi, viwanja vya Makadara hufurika, na bodaboda hupenya katikati ya watoto waliovaa nguo mpya. Usiku wa tarawehe magari huziba njia mpaka gari la wagonjwa lisipite. Mahali kama hapo vijana kumi wenye vizibao, filimbi na kiongozi mmoja wanayemsikiliza watajifunza sehemu tatu za kazi hii bila ya gharama ya maana, na kina dada wachukue nafasi yao upande wa kina mama na watoto. Kamati ya msikiti au ya mtaa iwape barua, iwajulishe kwa polisi wa kituo cha karibu, na kila baada ya shughuli wakae wazungumze palipoharibika.

Idi ijayo i karibu kuliko uwanja wowote. Kijana anayesoma haya na ana wenziwe tisa barazani, basi kundi lake la kwanza analo.